Marehemu Aliyeomba Maji

Marehemu alifika kituoni saa mbili na nusu asubuhi, akawasalimia wote waliokuwa kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa.

Aliyempa maji ni mpelelezi aliyeitwa Sindano. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wezi, kwa sababu ni mwembamba, hana kelele, na akishakuingia hujui ameingia mpaka ujaribu kukaa. Katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa ameona maiti wa kila namna, ila hakuwahi kuona aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe kukilalamikia kifo chake.

"Nani amekufa?" aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

"Mimi."

"Lini?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza, afande."

Mzee mmoja aliyekuja kushtaki kuibiwa baiskeli akageuka kwenye benchi. "Mama, kama umekufa mbona umepanga foleni? Ina maana na huko kuna foleni?"

Benchi zima likacheka, na mwanamke akacheka nao. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la viatu, na vidole vyake vilikuwa vyembamba na safi kuliko vya daktari. Alieleza mambo yake kwa mpangilio, kama mtu anayefungua saa na kupanga vipande vyake mezani.

Yeye na mumewe walikuwa wametengana mwaka mmoja. Wana binti mmoja wa miaka tisa, aliyekuwa akiishi na mama. Likizo iliyopita baba alimchukua kwa wiki mbili, na wiki mbili zikawa miezi minne. Mtoto amewekwa kwa shangazi yake, dada wa baba. Sasa baba amepata kazi nje ya nchi na anataka kuhama na mtoto moja kwa moja. Sheria inasema pasipoti ya mtoto isainiwe na wazazi wote wawili. Fundi aligoma kusaini, akapeleka barua ya kupinga. Jana alipita idara ya pasipoti kuuliza kama barua imefika.

"Kijana wa dirishani akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Akaniambia, 'Mama wa huyu mtoto ameshafariki. Wewe ni nani wake?'"

"Pasipoti inatoka lini?"

"Leo saa nane mchana. Ndege ni jioni."

"Mumeo ana hasira na wewe?"

"Angekuwa na hasira angenitukana. Huyu alikuwa na haraka tu."

Sindano akaandika. Sheria ilikuwa imempa huyu mama kalamu sawa na ya mumewe, basi mtu akaona njia fupi ni kumwondolea uhai wa kuishika.

Mkuu wa kituo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Alikuwa mtu mzuri ambaye hupenda mambo yaishe kabla ya kuanza.

"Kosa la kalamu hilo, Sindano. Mpe barua aende akasahihishiwe."

"Kusahihisha kunachukua siku ngapi, mkuu?"

"Tisini."

"Na ndege ni leo."

"Basi niletee jinai. Ukileta jinai nazuia pasipoti kwa simu moja. Lakini nesi au karani aliyekosea kuandika, huyo simfungi."

Ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa na madirisha mawili na karani mmoja aliyekuwa akihama kutoka moja kwenda jingine kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso.

"Karibuni. Kuzaliwa dirisha la kwanza, kufa dirisha la pili."

"Na waliofufuka?" Sindano aliuliza.

"Hao bado hatujawafungulia."

Alipoelezwa akaacha utani, akatoa jalada. Cheti cha kifo kilitolewa miezi mitatu iliyopita. Kilitegemea karatasi moja tu, kibali cha mazishi cha hospitali, cha miaka miwili nyuma. Karani akakisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Jina lilikuwa la fundi, herufi kwa herufi. Jinsia, mwanamke. Umri, thelathini. Mahali, wodi ya wazazi. Sababu ya kifo, kukosa hewa.

"Nina thelathini na nne," fundi akasema. "Miaka miwili nyuma nilikuwa na thelathini na mbili."

"Mama, umepunguziwa miaka miwili bure na bado unalalamika? Wenzako wanadanganya wenyewe."

Fundi akacheka. Kisha karani akasoma tarehe, siku ya tisa ya mwezi wa sita, na kile kicheko kikakatika kama uzi. Sindano alimwona akiifunika saa yake ya mkononi kwa kiganja. Ilikuwa saa ya kiume, kioo chake kina ufa.

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Hospitali hiyo hiyo."

"Ukifanya nini?"

"Nilikwenda kuzaa."

Karani akavua miwani. Akajisahau, akavaa ile ya kwenye paji. "Na mtoto?"

"Alivuta pumzi robo saa."

Karani akakohoa, akasema kwa upole, "Basi, jambo limejulikana. Nesi alikuwa amechoka, akaandika jina la mama mahali pa mtoto. Kosa la kalamu. Nayaona kila wiki. Nitakupa fomu."

Kosa la kalamu maana yake siku tisini, na siku tisini maana yake ndege imeondoka. Sindano hakuipokea fomu.

"Nesi aliyechanganya mama na mtoto," alisema polepole, "umri angeunakili wapi?"

"Kwenye kadi ya mama."

"Kadi ya mama ingesema thelathini na mbili. Hii thelathini imetoka wapi?"

Akakichukua kibali, akakibandika kwenye kioo cha dirisha. Jua la asubuhi likapita katikati ya karatasi. Lilipita sawasawa kila mahali, ila sehemu moja mwanzoni mwa mstari wa jina lilipita zaidi.

"Hapa karatasi ni nyembamba."

Fundi hakusubiri kuombwa. Akafungua mkoba, akatoa kile kioo cha jichoni wanachotumia mafundi saa, akakibana kwa nyusi, akainama mpaka pua ikakaribia dirisha. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi cha karani kusogeza kiti chake karibu.

"Wino umekwanguliwa," alisema. "Lakini aliyeandika alikandamiza kalamu. Mfereji umebaki. Kuna maneno mawili kabla ya jina langu."

"Yanasemaje?"

"Mtoto wa."

Karani alijua, na Sindano akakumbuka. Kichanga akifa kabla hajapewa jina, wodi humwandika kwa jina la aliyemzaa, Mtoto wa fulani. Ondoa maneno mawili, anabaki fulani.

"Angalia na umri," Sindano akasema, sauti yake imeshuka.

"Tatu ina wino mwingine. Iliyokuwepo tangu mwanzo ni sifuri tu."

Fundi akatoa kioo jichoni. Kilikuwa kimemwachia duara jekundu.

"Afande, huyu si mimi. Huyu ni mwanangu. Wamenizika kwa karatasi ya mwanangu."

Kuanzia hapo hakuna aliyemwita marehemu kwa utani tena.

Sindano alipiga simu palepale. Mkuu wa kituo alisikiliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakusema kosa la kalamu. "Pasipoti nimeizuia," alisema. "Baba akija saa nane kuichukua atapewa kiti na askari wawili. Lakini kuna jingine. Mtoto tutamkabidhi nani? Fomu inasema mzazi aliye hai, na kwenye mfumo mama hayupo. Ikifika jioni bado ni marehemu, mtoto analala kituo cha watoto, na kumtoa kule ni mpaka mahakama ikae. Mfufue kwanza."

"Ofisi inafungwa saa tisa na nusu," karani akasema kabla hajaulizwa. "Na mimi nafuta kifo kwa njia moja tu bila mahakama. Aliyekitolea taarifa aandike kwa mkono wake kwamba alidanganya. Nileteeni hiyo."

Mahali pa mtoa taarifa palikuwa na sahihi isiyosomeka na neno moja, *ndugu*.

"Kibali hiki kilikuwa kwa nani?" Sindano akamuuliza fundi.

"Mume wangu alikuwa safarini. Mimi nilikuwa kitandani nimeshonwa. Karatasi alipewa wifi. Yeye ndiye aliyembeba mtoto mpaka makaburini." Akakirudisha kioo chake mkobani. "Alinishika mkono usiku kucha, afande. Usimtaje wifi."

"Anafanya kazi gani?"

"Karani wa shule. Shule hiyo hiyo aliyohamishiwa mwanangu."

Sindano akakitia kibali kwenye bahasha. Kukwangua wino bila kutoboa karatasi si kazi ya mtu wa mara ya kwanza.

Wifi alikuwa mwanamke mkubwa, mtulivu, mwenye meza iliyopangwa kama askari wa gwaride. Rejista za mahudhurio zilikaa kwa ukubwa, kalamu kwa rangi, na kando ya kalamu kulikuwa na wembe, upande mmoja umefungwa kwa utepe wa gundi ili usimkate mshikaji. Fundi alikuwa ameachwa garini, nje ya lango. Sindano alimwambia asishuke hata shule ikiwaka moto.

"Wembe wa nini, mama?"

"Walimu wanakosea kujaza, afande. Mtoto yupo, wanaandika hayupo. Naukwangua wino naandika upya."

"Hutoboi karatasi?"

"Ukiwa na pupa unatoboa." Wifi akatabasamu, kama mtu aliyesifiwa upishi wake. "Unakwenda upande mmoja tu, polepole, halafu unapasugua kwa ukucha pawe laini. Mkaguzi mwenyewe hajawahi kuona."

Sindano akatoa kibali kwenye bahasha, akakiweka juu ya rejista.

"Na hiki, hukupasugua kwa ukucha?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamenyamaza.

Mlango ukagongwa. Akaingia msichana mwembamba, nywele zimesukwa vizuri, rejista imekumbatiwa kifuani.

"Mama, mwalimu anasema ukurasa wa..." Akamwona askari, akaweka rejista, akatoka kinyumenyume.

"Anakuita mama," Sindano akasema.

"Amwite nani?"

"Ameambiwa nini?"

"Kwamba mama yake alifariki."

"Lini?"

"Jumapili. Baada ya kula." Wifi akaunyoosha wembe ukae sambamba na kalamu. "Alilia mpaka akalala na viatu."

"Kaka yako ndiye aliyekutuma?"

"Kaka yangu hawezi kutuma mtu kununua chumvi. Aliniuliza tu, 'Dada, tufanyeje, huyu mwanamke hasaini.' Nikauliza kule pasipoti, nikaambiwa sahihi ya mama au cheti chake cha kifo. Mtu hafi bila karatasi, afande. Karatasi niliyokuwa nayo ni hiyo moja."

"Uliitunza miaka miwili kwa ajili hii?"

"Niliitunza kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka!" Sauti ikampanda, akaishusha. "Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto. Alikuwa mwepesi kama mkate. Karatasi yake ningeitupa wapi?"

"Ukaikwangua."

"Nikaikwangua."

Sindano akamsogezea karatasi tupu na kalamu. "Andika hivyo hivyo. Kwa mkono wako."

Wifi hakuigusa. "Na mimi nikuulize. Nilizaa watatu. Siku mume aliponiacha aliwapakia kwenye gari mchana kweupe, majirani wanatazama, mdogo bado ananyonya. Nilikwenda kituoni kwenu huku maziwa yamelowesha nguo. Unajua niliambiwa nini kaunta?"

"Niambie."

"'Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Na watoto ni wa baba yao, dada, nenda ukapumzike.' Nimeyashika kama sala. Huyo mdogo alichukuliwa akiwa na meno mawili. Sasa ana miaka kumi na mbili na akikutana nami njiani ananiita shangazi." Akamtazama Sindano usoni, bila chuki, kama anayekagua hesabu. "Aliyeniambia hakuwa mwanamume. Alikuwa msichana mwembamba, sare mpya, hana hata tepe moja begani."

Sindano alikuwa amekaa kaunta ile miaka mitatu ya mwanzo. Akajaribu kulikumbuka lile gauni lililolowa maziwa, asilikumbuke. Maneno aliyakumbuka. Aliyasema karibu kila wiki.

"Sheria ilikuwa hiyo hiyo ya leo," wifi akaendelea. "Wazazi sawa, baba na mama. Ilikuwa imebandikwa ukutani, nyuma ya kichwa chako. Nikajifunza kwamba anayembeba mtoto ndiye mwenye mtoto. Mara ya pili, nikahakikisha mbebaji ni mimi."

"Liandike na hilo."

"Lipi?"

"La kaunta. Msichana, sare, alichokwambia. Liandike lote kwenye maelezo."

"Litakuharibia kazi."

"Liandike, mama."

Akaandika kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri usio na mkwaruzo hata mmoja, akasaini. Alipomaliza aliuliza swali moja tu. "Wifi yangu yuko wapi?"

"Nje, garini."

Wifi akainuka, akavuta pazia la dirisha upande wa lango, akarudi kukaa. "Basi nipitishie mlango wa nyuma."

Sindano akampitisha huko, akamkabidhi kwa askari wa gari la pili lililokuwa likisubiri nyuma ya shule.

Msichana alipofikishwa langoni hakukimbia. Alisimama hatua tano kutoka garini, akamkagua yule mwanamke aliyeshuka kama anavyokagua mtu noti aliyoambiwa ni bandia.

"Shangazi alisema umekufa."

"Na mimi nimeambiwa hivyo hivyo," mama akasema. "Jana, dirishani."

"Nioneshe saa."

Mama akanyoosha mkono. Mtoto akaishika ile saa yenye ufa, akaitazama, kisha akatazama saa kubwa ya ukutani kwenye jengo la shule.

"Inawahi dakika ngapi?"

"Sita. Zile zile."

Ndipo alipoingia garini. Hakumkumbatia mama yake njia nzima. Alimshika tu kifundo cha mkono, pale saa ilipo, na hakuachia.

Saa tisa na dakika kumi walikuwa mbele ya dirisha la pili. Baba, simu ilisema, alishapewa kiti chake. Karani akayasoma maelezo ya wifi mara mbili. Ukurasa wa pili, ule wa kaunta, aliufikia, akamtupia Sindano jicho, akaufunika.

"Nafuta," alisema. Akapiga mstari mwekundu kwa rula juu ya jina la fundi. Kisha akabaki ameishika rula. "Lakini kuna jambo. Kibali namba hii ni cha kweli na maziko yalifanyika. Namba haiwezi kubaki tupu. Nikimtoa huyu, lazima aingie aliyekufa. Na yule mtoto hajawahi kuandikwa popote. Humu ndani hakuzaliwa na hakufa."

"Siku tisini?" Sindano akauliza.

"Dakika tano, mama yake akikubali kutoa taarifa." Akamgeukia fundi. "Sitaki kukulazimisha. Unaweza kuja siku nyingine. Ila wewe leo utabaki nusu hai."

Fundi akatazama nje ya mlango. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini, macho yake kwa mama yake kama anayelinda mzigo.

"Nipe kalamu."

"Naandika mimi, wewe unataja."

"Nipe kalamu, mzee wangu."

Karani akamgeuzia rejista. Fundi akaandika kwenye mstari mpya, kwa herufi ndogo za mtu aliyezoea nafasi finyu. *Mtoto wa*. Hapo akasimama. Kisha akaliandika jina lake mwenyewe, na safari hii likasomeka kuwa la mtu anayeishi.

"Umri?"

"Sifuri."

"Uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu?"

Akaandika, *Mama*.

Karani akapiga muhuri, akapuliza wino. Sindano akatoa kwenye mkoba ile fomu ya kituo ya kukabidhi mtoto, akaiweka juu ya rejista, akamwonesha mstari wa chini kabisa. *Uhusiano na mtoto anayekabidhiwa.* Fundi hakurudisha kalamu. Akaandika neno lile lile kwa wino ule ule, ila mara hii herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Karani akaitazama ile herufi. Kwa mazoea, akanyoosha mkono kutafuta kitu cha kufutia.

"Usiiguse," Sindano akasema.